Marseille: Bandari ya kale na watu walio pembeni mwa picha

Tulisimama karibu na mahali ambapo, kwa hesabu zetu, mchoraji Joseph Vernet alisimama mwaka 1754, tukakuta meza za mkahawa. Uwanja huo huitwa Cours Honoré d'Estienne d'Orves, nao uko hatua chache tu kutoka ukingo wa kusini wa bandari ya kale ya Marseille. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na wahudumu walikuwa bado wakifungua miavuli na kupanga viti. Mikononi tulikuwa na nakala ya picha yake tuliyoichapisha nyumbani kabla ya safari, nasi tukawa tunaigeuza huku na huku kama mtu aliyepotea anavyoigeuza ramani. Picha inaonyesha maji, msitu wa milingoti, na magati mawili yanyookayo hadi kwenye ngome zilizo mlangoni mwa bandari. Sisi tulikuwa tunatazama ukuta wa jengo na vyungu vya maua. Majengo yaliyokuja baadaye yameyaziba macho ya Vernet.

Jina la picha ndilo lililotuleta. Linasema kuwa hii ni sehemu ya ndani ya bandari ya Marseille kama ionekanavyo kutoka kwenye jengo la saa la "Parc". Kwa miaka kadhaa tulidhani hiyo Parc ni bustani, maana ndivyo neno hilo litumikavyo zaidi katika Kifaransa cha leo. Haikuwa bustani. Lilikuwa jina la karakana kuu ya merikebu za makasia za mfalme wa Ufaransa, na katika merikebu hizo, pamoja na wafungwa wa Kifaransa, walifungwa minyororo Waislamu kwa maelfu. Bwana Vernet aliweka ubao wake wa kuchorea juu ya ardhi hiyo, miaka sita tu baada ya kikosi cha merikebu hizo kuvunjwa mwaka 1748.

Tueleze kwanza tunachokusanya, kwani wapo jamaa zetu wanaoamini kwamba tunanunua makaratasi ya kufungia maandazi. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa sisi, mume na mke, tumekuwa tukitafuta picha za kale za Kifaransa zinazohusu bahari: bandari, vyombo, ramani za pwani. Tulianza bila kukusudia. Tulikuwa Paris kwa shughuli za kikazi, tukipita kando ya mto Seine ambako wauza vitabu vya kale hupanga bidhaa zao ndani ya masanduku ya kijani, macho yetu yakaangukia bedeni. Naam, bedeni la Waarabu wa Maskati, limechorwa kwa vipimo kamili, na kila kamba mahali pake. Ulikuwa ukurasa uliochanwa kutoka katika kitabu kikubwa cha afisa wa jeshi la majini, Edmond Pâris, kuhusu ujenzi wa vyombo vya watu wasio wa Ulaya, kilichotoka miaka ya 1841 hadi 1843. Kwetu bedeni ni neno la wazee. Kulikuta limetulia Paris kando ya mto kulitufanya tutoe fedha ya chakula cha mchana bila ya kushauriana.

Kitu tunachokinunua hutengenezwa hivi. Kabla ya kamera, aliyetaka picha moja iwafikie watu wengi ilimbidi aichonge kwenye bamba la shaba. Mchongaji alilima mistari kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali. Au alilipaka bamba nta, akaikwaruza, kisha akaiacha tindikali iile shaba pale ilipobaki wazi. Wino ulipakwa ukaingia ndani ya mifereji hiyo, uso wa bamba ukafutwa ukawa safi, karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu yake, na vyote viwili vikapitishwa kati ya rola nzito za mtambo. Karatasi hutoka na picha iliyogeuka kama ionekanavyo kwenye kioo. Kwa hiyo aliyetaka bandari yake ikae sawasawa alilazimika kuichonga yote kinyume, kila mlingoti, kila kamba, kila wingu, kulia kukiwa kushoto.

Picha za Vernet ndizo kilele cha kazi hiyo. Mwaka 1753 serikali ya Mfalme Louis wa 15 ilimwagiza achore bandari za Ufaransa. Vernet, mzaliwa wa Avignon aliyekuwa amekaa Roma kwa miaka ipatayo 20, alihama na familia yake kutoka mji hadi mji, na kufikia 1765 alikuwa amekamilisha picha 15 za rangi: Marseille, Bandol, Toulon, Antibes, Sète, Bordeaux, Bayonne, La Rochelle, Rochefort na Dieppe. Nyingi kati ya hizo ziko leo katika Musée national de la Marine, Paris. Wachongaji wawili mashuhuri, Charles-Nicolas Cochin na Jacques-Philippe Le Bas, walizihamishia kwenye shaba, na tangu mwaka 1760 zikaanza kutoka kwa wateja waliojiandikisha. Hivyo mfanyabiashara ambaye hangeweza kuikaribia picha ya mfalme aliweza kuwa na bandari hiyo ukutani kwake.

Mara ya kwanza tulipotaka kuinunua moja ya picha hizo tulidanganywa, na kosa kubwa lilikuwa letu kwa pupa. Tuliagiza kwa posta kwa muuzaji ambaye hatukumjua, tukatuma akiba ya miezi mitano. Kifurushi kilipofika tulifurahi siku nzima. Usiku tulipoiweka chini ya kioo cha kukuzia tuliona nukta: maelfu ya nukta ndogo zilizopangwa kama zile za picha za gazetini. Mstari wa shaba hauna nukta za namna hiyo. Ni mfereji wa wino mmoja, nao huinuka kidogo juu ya karatasi kiasi kwamba kidole chepesi huuhisi. Tulichonunua kilikuwa picha iliyopigwa kwa kamera na kuchapwa katika karne iliyopita.

Tangu hapo tumejifunza kutazama kwa utulivu. Pembezoni mwa picha ya shaba huwa na mbonyeo, alama ya ukingo wa bamba lilivyokandamizwa. Karatasi ya wakati wa Vernet, ukiiinua mwangani, huonyesha mistari myembamba iliyoachwa na waya wa chujio la mtengenezaji. Mawingu hupauka mapema, kwa sababu mistari yake ndiyo mifupi zaidi kwa kina. Ukiona mbingu imefifia, ujue bamba lilikuwa limekwisha kuchoka kabla ya karatasi hiyo kupitishwa. Na si kila chapa mpya ni ya ulaghai. Chalcographie du Louvre, iliyoanzishwa mwaka 1797, ina hazina ya mabamba ya zamani, nayo huuza karatasi zilizopigwa leo kutokana nayo, waziwazi, na muhuri wake ukiwa umebonyezwa. Sisi hatuna ugomvi na hizo. Tunachokichukia ni karatasi mpya iliyopakwa majani ya chai ili ionekane mzee.

Nyumbani picha zetu hazitundikwi. Hatupendi kuweka picha za viumbe wenye roho katika kuta za chumba tunachoswalia, na bandari bila watu haijawahi kuchorwa. Zinakaa ndani ya jalada kubwa, kila moja na karatasi yake laini, nasi huzitoa mara mojamoja jioni watoto wakiwa wamekwisha kunawa mikono. Baadaye tulipata kusikia kwamba hata watunzaji wa makumbusho huziweka gizani vivyo hivyo, kwani mwanga huila karatasi.

Basi mwaka huu tuliamua kwenda Marseille sote wanne, na binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 8. Malazi hayakuwa tatizo. Mmoja wetu ana asili ya Ngazija, na Marseille ni moja ya miji yenye Wangazija wengi kabisa nje ya visiwa vyao. Mjomba wetu amekaa huko zaidi ya nusu karne. Alizaliwa Zanzibar, akapanda ujanani moja ya meli za abiria za Kifaransa zilizokuwa zikipita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam katika njia ya Madagaska, akafanya kazi katika chumba cha mashine hadi alipostaafu. Kiswahili chake ni kile cha Ng'ambo ya zamani, hakijaguswa na miaka yote hiyo. Alitupokea kwa chai ya tangawizi, akawauliza watoto majina ya shule zao, kisha akatuuliza sisi kwa upole kama kweli tumekuja kutoka Dar es Salaam kununua karatasi.

Bandari ya kale, kwa anayeifikia kwa mara ya kwanza, ni kikombe kirefu cha maji kilichoingia katikati ya mji. Leo imejaa mashua za starehe. Asubuhi wavuvi huuza samaki kwenye gati la upande wa mashariki, na pale kelele za wanunuzi zinamfanya mtu wa pwani ajihisi yuko nyumbani. Mlangoni ziko ngome mbili, Saint-Jean na Saint-Nicolas, zilezile za kwenye picha. Lakini ukilinganisha upande wa kaskazini na kazi ya Vernet, utaona kwamba nyumba zote zimebadilika. Mwanzoni mwa 1943 jeshi la Wajerumani lililokuwa likiikalia Marseille, likisaidiwa na polisi wa Kifaransa, liliwatoa watu wapatao 20,000 katika mtaa huo wa kando ya maji, kisha likalipua majengo yapatayo 1,500. Jumba la manispaa la karne ya 17 liliachwa likasimama, kama jino. Kwa hiyo anayetaka kuona Marseille ya mababu wa wavuvi hawa anarudi kwenye shaba ya Cochin na Le Bas.

Upande wa kusini hakuna bomu lililohitajika. Karakana ya merikebu za makasia, iliyopanuliwa sana tangu mwaka 1665, ilibomolewa polepole mwishoni mwa karne ya 18 na ardhi yake ikauzwa. Mfereji wake ulifukiwa katika miaka ya 1920. Kimebaki kipande cha jengo moja la kale na majina ya mitaa. Watu wanakula samaki na kunywa kahawa juu ya mahali hapo, na hatuwalaumu. Nasi tuliketi tukanywa.

Mwishoni mwa karne ya 17 merikebu hizo zilifika 40. Moja ya kawaida ilikuwa na makasia 51, kila kasia lenye urefu unaokaribia mita 12, na watu watano kwa kila kasia. Makasia 51, si 52, kwa sababu upande mmoja jiko lilichukua nafasi ya benchi moja. Wavuta makasia hawakukaa chini ya sitaha kama wengi wanavyodhani. Walikaa juu, mahali pa wazi, kwenye jua na mvua, mguu ukiwa umefungwa kwenye benchi. Wengi wao walikuwa wahalifu wa Kifaransa, askari watoro, na baada ya 1685 pia Waprotestanti walioadhibiwa kwa dini yao. Waliosalia waliitwa "Waturuki". Jina hilo lilikuwa pana kuliko nchi yoyote: Mwislamu wa Morocco, wa Algiers, wa Tunis, wa Bosnia, wote walikuwa Waturuki katika daftari la karani. Walinunuliwa katika masoko kama ya Livorno na Malta. Walinyolewa kichwa wakaachiwa kishungi kimoja cha nywele ili watambulikane. Na kwa kuwa walisifika kwa nguvu, mara nyingi walipewa ncha ya kasia, mahali pa kazi nzito kuliko zote.

Haki inatutaka tuseme upande wa pili pia. Wakati huohuo mateka wa Kifaransa walikuwa wakitumikishwa Algiers na Morocco, na barua za kudai watu zilikwenda na kurudi kati ya wafalme, akiwemo Sultani Mulay Ismail wa Morocco. Wala pwani yetu haiwezi kunyoosha kidole bila kukitazama. Mwaka 1776, picha za Vernet zikiwa bado zinauzwa Paris, nahodha Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa, Mwislamu, wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Binti yetu alipotuuliza kama Waislamu walikuwa watumwa au wenye watumwa, tulimwambia kweli yote, tukaona uso wake ukibadilika.

Lipo jambo moja tulilopenda alisikie vilevile. Kijana Mprotestanti, Jean Marteilhe, aliyekamatwa mwaka 1701 alipokuwa akijaribu kutoka Ufaransa na akaachiwa huru mwaka 1713 hapahapa Marseille, aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa Rotterdam mwaka 1757. Anaeleza kwamba ndugu zao wa imani walioko nje waliwatumia wafungwa Waprotestanti fedha kwa siri, na kwamba waliozibeba kutoka mjini hadi kwenye benchi walikuwa watumwa Waislamu, walioruhusiwa kutoka kwa shughuli ndogondogo. Adhabu ya kukamatwa ilikuwa kipigo kikali kabisa. Mmoja wao anamtaja kwa jina, Isouf, yaani Yusuf, naye alikataa kupokea malipo kwa kazi hiyo. Tulimsomea Mjomba habari hii, akataka tumsomee tena.

Duka tulilokuwa tumelikusudia liko katika mtaa wa nyuma ya bandari, na mwenyewe ni mama wa makamo, mpole, asiyeharakisha mteja. Alitutolea Vernet tuliyoifuata: "Sehemu ya Ndani ya Bandari ya Marseille", karibu sentimita 75 kwa upana. Nafsi zetu zilisimama. Pale mbele, juu ya gati, kuna marobota na mapipa, na katikati ya watu wamo wenye vilemba na majoho marefu, wametulia wakizungumza. Vernet aliwaweka makusudi, maana Marseille iliishi kwa biashara ya Mashariki na ya Afrika ya Kaskazini, na mfalme alitaka hilo lionekane. Ni wafanyabiashara wenye heshima zao. Walikuwepo kweli, si uzushi. Ila wanasimama kando ya karakana.

Kisha akatuonyesha kitu ambacho hatukukiomba. Karatasi ndogo, isiyozidi kiganja kwa urefu, pambizo zimekatwa na pamoja nazo jina la mchongaji, madoadoa ya kahawia pembeni. Merikebu ya makasia iko safarini, tanga limekunjwa, makasia yote yameinuka kwa pamoja. Juu ya ubavu wake, mfululizo wa vichwa kama punje za mtama. Wengine wana kishungi, au tuliona hivyo. Kwa udogo ule jicho huweza kuona linachokitaka. Bei yake ilikuwa yuro 60, kwa sababu ya kukatwa.

Hapo sisi wawili tulitofautiana, jambo ambalo katika ununuzi wetu ni nadra. Mmoja wetu alisema: tumeweka akiba ya miaka mitatu kwa ajili ya Vernet, na watoto wetu wanahitaji kuona babu zao katika imani wakiwa wamesimama wima, wamevaa vizuri, wanauza na kununua. Minyororo wataipata kwingine. Mwingine alisema: vilemba vile ni pambo la mchoraji, na hawa wenye vichwa vya mtama ndio walioifanya bandari hiyo iwe na jengo la kusimamia mchoraji. Tulibishana kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, mwenye duka akijifanya anapanga ramani. Kuzinunua zote mbili fedha haikutosha. Tukaomba hadi kesho yake. Akakubali, akatuachia na ile ndogo twende nayo, bila dhamana yoyote, jambo lililotushangaza.

Jioni, baada ya Magharibi, tuliiweka karatasi hiyo mezani kwa Mjomba, na kando yake nakala ya kompyuta ya Vernet. Alivaa miwani. Ile ya Vernet aliisifu sana: akaonyesha jinsi meli zilivyofungwa, akasema anayeziona kamba hizi ni mtu anayejua. Akakaa kimya kidogo.

"Wanangu, hii nzuri. Lakini chini wako nani?"

Tulimwomba afafanue. Akasema kwamba katika miaka yake yote melini alipigiwa picha nyingi, maana abiria walipenda kupiga picha chombo kikiingia bandarini. Abiria wapo kwenye picha hizo, nahodha yupo, bendera ipo. "Mimi nipo chini, kwenye joto. Picha zote hizo mimi nimo, lakini sionekani." Kisha akaivuta ile ndogo, akaisogeza taa, akaitazama kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, mpaka chai yake ikapoa. "Hawa angalau kawachora," akasema.

Kesho yake tulirudi dukani na kuikagua Vernet mchana kweupe, karibu na dirisha. Mbingu yake ilikuwa imepauka, na upande wa juu palikuwa na mpasuko uliozibwa kwa nyuma. Kwa chapa ya mwanzo, yenye mawingu mazima, huenda ubishi wetu ungeendelea. Tulimrejeshea kwa shukrani na tukalipa yuro 60. Mwenye duka hakuonyesha kusikitika. Alisema tu kwamba wateja wengi huiacha kwa kuwa imekatwa, na kwamba imekaa dukani kwake miaka minane.

Siku iliyobaki tulitafuta makaburi. Kumbukumbu za mji zinataja mahali walipozikwa Waislamu wa merikebu, na tulikuwa na matumaini ya kukuta japo kibao. Tulizunguka mitaa ya juu ya ukingo wa kusini tangu Adhuhuri hadi Alasiri, Mjomba akitembea taratibu mbele yetu na fimbo yake. Tulikuta nyumba, maegesho ya magari, duka la baiskeli. Hatukukuta kibao. Mjomba alisimama kwenye kona moja isiyo na tofauti na nyingine, akainua mikono, nasi tukainua. Mpita njia mmoja alitupisha, akadhani tunapiga picha.

Karatasi hiyo sasa iko ndani ya jalada letu, na ile nakala ya kompyuta ya Vernet tumeiweka nyuma yake. Usiku wetu wa mwisho kule, mtoto wetu mdogo aliichukua pamoja na kioo cha kukuzia, akaanza kuhesabu vichwa kimoja kimoja, kwa sauti, kidole kikiwa hewani kwa sababu tumemkataza kugusa. Dada yake alimwambia hesabu haitatimia, maana nyuma ya kila kichwa kinachoonekana wapo wanne waliofichwa. Alimpuuza. Alikuwa amefika 23 adhana ya Isha ilipolia katika simu ya Mjomba. Akakiweka kioo chini, akaenda kutawadha; aliporudi baada ya swala alikuwa amesahau alikoishia, akaanza tena kuanzia moja.